Walter Tull, Mchezaji wa Mpira na Ofisa wa Vita

1. Mtoto wa seremala

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini, uko mji kando ya bahari, jina lake Folkestone. Siku ambazo hakuna ukungu, watu wa mji huo huweza kuona pwani ya Ufaransa ng'ambo ya maji. Huko ndiko alikozaliwa Walter Tull, tarehe 28 Aprili 1888.

Baba yake, Daniel Tull, hakuwa mwenyeji wa nchi ile. Alitoka Barbados, kisiwa kidogo cha upande wa Amerika, chenye mashamba makubwa ya miwa. Zamani Waingereza walipeleka huko watu wengi waliotekwa Afrika, wakawafanya watumwa wa kulima miwa hiyo. Babu yake Walter alikuwa mmoja wa watumwa hao. Watu wa Maniema hawana haja ya kuelezwa sana habari za namna hii, maana njia za watumwa zilipita katika nchi yao pia. Wazee wao waliiona misafara iliyotoka Nyangwe na Kasongo kwenda pwani, watu wamefungwa minyororo shingoni.

Lakini Daniel alizaliwa baada ya utumwa kukomeshwa. Alijifunza useremala, akapanda meli, akafika Uingereza mwaka 1876. Alipata kazi Folkestone, akamwoa mwanamke wa Kizungu, Alice Palmer, mzaliwa wa jimbo lile la Kent. Nyumba yao haikuwa na mali, lakini baba alikuwa fundi, na watoto walikula kwa kazi ya mikono yake.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1895 mama akafa. Walter alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Baba akaoa tena, akamtwaa Clara, ndugu wa marehemu, naye akawalea watoto wale kama wake. Hata kabla miaka mitatu haijatimia, mwezi wa Desemba 1897, baba naye akafa. Clara akabaki peke yake na watoto wengi, bila fedha. Alijaribu kuwalisha wote, akashindwa. Mwisho, kwa msaada wa watu wa kanisa lake, aliwapeleka wavulana wawili, Edward na Walter, katika nyumba ya kulelea yatima huko London. Ilikuwa mwaka 1898. Edward alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Walter tisa.

2. Katika nyumba ya yatima

Nyumba ile ilikuwa kubwa, yenye watoto wengi, na kila jambo lilifanywa kwa kengele: kuamka, kusali, kula, kusoma, kulala. Wale wavulana wawili walikuwa weusi kati ya watoto weupe. Lakini walikuwa wawili, na ndugu akiwa karibu, taabu hupungua.

Edward alikuwa na sauti nzuri. Aliwekwa katika kundi la waimbaji, na kundi hilo lilizunguka katika miji mbalimbali ili kuomba msaada kwa ajili ya yatima. Huko Glasgow, katika nchi ya Scotland, watu wa jamaa ya Warnock walimsikia, wakampenda, wakaomba wamlee kama mtoto wao. Basi mwaka 1900 Edward akaenda zake Glasgow. Bwana Warnock alikuwa mganga wa meno, na baadaye Edward akaisomea kazi hiyo hiyo, akawa mganga wa meno mwenye sifa.

Walter akabaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama hayupo, baba hayupo, na sasa ndugu yake amekwenda mbali. Mtoto mwingine angeweza kuharibika kwa uchungu au kwa hasira. Walter alijifunza kazi ya kupiga chapa, yaani kazi ya kupanga herufi na kuchapa vitabu na magazeti. Na saa za kucheza aliingia katika timu ya mpira ya nyumba ile, akachezea upande wa nyuma. Hakuwa mwepesi kupita wote. Lakini watu waliomtazama waliona kwamba hakuvurugika. Mpira ulipomfikia, alitulia kwanza, akatazama wenzake, kisha ndipo akautoa.

3. Mchezaji asiyelipwa

Siku zile katika Uingereza walikuwapo wachezaji wa mpira wa namna mbili. Wengine walilipwa mshahara na timu zao, na mpira ndio kazi yao. Wengine walicheza bila malipo. Hao walifanya kazi zao siku za juma, na Jumamosi walivaa viatu vya mpira kwa kupenda tu. Timu za wasiolipwa zilikuwa na mashindano yao na vikombe vyao, na watu wengi waliwaheshimu sana.

Mwaka 1908 Walter, akiwa na umri wa miaka ishirini, aliingia katika timu moja ya namna hiyo, jina lake Clapton, katika London. Kabla mwaka wa michezo haujaisha, Clapton ilikuwa imetwaa vikombe vitatu, na kimoja kilikuwa kile kikubwa cha wachezaji wasiolipwa wa Uingereza nzima. Gazeti la michezo liliandika kwamba Walter ndiye mchezaji bora aliyevumbuliwa mwaka ule.

Timu kubwa ya Tottenham Hotspur ikasikia habari zake. Mwaka 1909 ikamwita asafiri nayo Argentina na Uruguay, nchi za Amerika ya Kusini. Aliporudi akatia sahihi ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Mshahara wake ulikuwa paundi nne kwa juma, na hakuna timu iliyoruhusiwa kutoa zaidi ya hapo. Yatima wa Folkestone sasa alicheza mbele ya watu 30,000.

4. Siku ya matusi

Mwezi wa Oktoba 1909 Tottenham ilikwenda kucheza katika mji wa Bristol. Watazamaji wengine wa mji ule walipomwona mtu mweusi kiwanjani walianza kumtukana. Hawakumtukana kwa kosa alilofanya. Walimtukana kwa ngozi yake, tena kwa maneno machafu, na kelele zao ziliendelea kwa muda mrefu.

Walter alisikia yote. Mchezaji hawezi kuziba masikio. Angeweza kujibu, angeweza kumpiga mtu teke, angeweza kutoka kiwanjani. Hakufanya hata moja katika hayo. Aliendelea kucheza mchezo safi tangu mwanzo hata mwisho. Mwandishi wa gazeti aliyekuwapo siku ile aliandika kwamba Walter ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora uwanjani, na kwamba wachezaji weupe wote wa Uingereza wangefaa kujifunza kwake adabu ya mchezo.

Lakini sifa za gazeti hazikumsaidia. Baada ya muda Tottenham ikamweka katika timu ya pili. Katika mashindano makubwa ya ligi aliichezea mara kumi tu, akafunga mabao mawili. Mtu aliyekwisha kupanda juu akishushwa huumia kuliko yule ambaye hakupanda kamwe. Walter alicheza katika timu ya pili bila kunung'unika, akangoja.

Mwaka 1911 timu ya Northampton Town ikamchukua. Mwongozi wake alikuwa Herbert Chapman, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kuongoza Huddersfield Town na Arsenal. Chapman akambadilisha mahali pa kuchezea. Akamtoa mbele, akamweka katikati, mahali pa mtu anayewagawia wenzake mpira na kuwazuia adui. Hapo utulivu wa Walter ukafaa kabisa. Aliichezea Northampton zaidi ya mara mia moja, na watu wa mji ule wakampenda.

5. Vita

Mwezi wa Agosti 1914 vita kubwa ikaanza katika Ulaya. Wajerumani wakaingia Ubelgiji na Ufaransa, na Uingereza ikajiunga na vita. Watu wakaanza kulalamika kwamba si haki vijana wenye nguvu kucheza mpira huku wengine wanakufa. Basi mwezi wa Desemba likaundwa kikosi cha askari kilichoitwa Kikosi cha Wachezaji wa Mpira, yaani kikosi cha 17 cha Middlesex. Walter alijiandikisha tarehe 21 Desemba 1914. Aliacha mshahara wa mpira, akatwaa bunduki.

Mwezi wa Novemba 1915 kikosi kikavuka bahari kwenda Ufaransa. Huko askari waliishi katika mahandaki marefu yaliyochimbwa ardhini. Maji yalijaa ndani, panya walipita juu ya watu usiku, na mizinga ililia mchana na usiku. Wakubwa wake walimwona Walter ni mtu wa kutegemewa, wakampa cheo cha sajini. Kwa hiyo tangu wakati ule askari weupe walikuwa chini yake.

Utulivu si kitu kisichoisha. Mwezi wa Mei 1916, baada ya miezi mingi ya mizinga, akili ya Walter ilichoka, akapelekwa hospitali Uingereza. Askari wengi walipatwa na ugonjwa huo, hata wale mashujaa. Alitunzwa, akapona, akarudi Ufaransa mwaka ule ule, akapigana katika vita vya mto Somme, ambavyo viliua watu wengi mno. Mwezi wa Desemba homa ya mahandaki ikamshika, akarudishwa tena nyumbani.

6. Ofisa

Wakubwa wa kikosi walikuwa wamemwandikia maneno mema. Walitaka awe ofisa. Lakini palikuwa na kizuizi. Kanuni za jeshi la Uingereza za siku zile zilitaka ofisa awe mtu wa asili ya Ulaya tupu. Mtu mweusi aliweza kuwa askari, aliweza kufa vitani, lakini hakutakiwa kuwaamuru askari weupe. Waliotunga kanuni hizo walidhani kwamba askari weupe hawatakubali kumfuata.

Hata hivyo Walter alipelekwa Scotland, mahali paitwapo Gailes, katika chuo cha maofisa. Akafundishwa, akashinda, na tarehe 30 Mei 1917 akapewa cheo cha luteni wa pili. Kanuni ilikuwa bado imeandikwa kitabuni. Jeshi lilipoteza maofisa wengi vitani, na waliomjua Walter hawakutaka kumwacha kwa ajili ya rangi yake. Hivyo akawa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kuwa maofisa wa kupigana katika jeshi la Uingereza.

Ili kuufahamu ukubwa wa jambo hilo, yafaa kukumbuka habari za Kongo. Katika vita ile ile, mwezi wa Septemba 1916, askari Wakongomani wa Force Publique waliingia Tabora baada ya kuwashinda askari wa Wajerumani. Nyuma yao walikuwapo wapagazi wengi mno waliobeba vyakula na risasi, na wengi wao walikufa njiani. Lakini maofisa wa jeshi hilo walikuwa Wazungu watupu, na mambo yakakaa hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Ni mwezi wa Julai 1960, baada ya uhuru na baada ya askari kuasi, ndipo Victor Lundula alipofanywa jenerali na Wakongomani wengine wakapewa vyeo vya ofisa. Walter Tull alikuwa amevaa alama ya ofisa miaka arobaini na mitatu mbele yao.

7. Kuvuka mto Piave

Walter aliwekwa katika kikosi cha 23 cha Middlesex, ambacho nacho kilianza kama kikosi cha wachezaji wa mpira. Mwisho wa mwaka 1917 kikosi hicho kilipelekwa Italia kuwasaidia Waitalia. Adui alikuwa ng'ambo ya mto Piave.

Mtu wa Mikelenge akitaka kwenda Alunguli huvuka Lualaba kwa mtumbwi, na maji yake ni ya vuguvugu. Mto Piave si hivyo. Maji yake hutoka katika milima yenye theluji, nayo hupita kwa nguvu kati ya mawe. Wakati wa Januari maji hayo yana baridi ya kukata mifupa, na mtu akikaa ndani yake muda kidogo tu viungo hufa ganzi. Tena ng'ambo alikuwapo adui mwenye bunduki za mtombo, akisikiliza kila mlio wa maji.

Mwanzo wa Januari 1918, usiku, Walter aliamriwa kuvuka na kuwashambulia adui. Alitangulia mwenyewe, na watu 26 wakamfuata. Adui waliwapiga risasi nyingi. Katika saa kama ile askari humtazama ofisa wake. Akiona hofu usoni pake, naye hukimbia. Akiona utulivu, naye hutulia. Walter alitulia kama alivyotulia zamani kiwanjani. Kazi ilipokwisha aliwarudisha watu wake ng'ambo hii ya mto. Walivuka 26, wakarudi 26.

Jenerali Sydney Lawford, mkuu wa divisheni, akaandika barua ya kumsifu kwa ushujaa wake na kwa utulivu wake. Askari wale 26 hawakuandika kitu. Walikuwa wamemfuata katika maji ya baridi usiku, nao wakawa hai asubuhi.

8. Mwisho wake

Mwezi wa Machi 1918 kikosi kilirudishwa Ufaransa. Tarehe 21 ya mwezi huo Wajerumani walianza shambulio kubwa sana, wakawasukuma Waingereza nyuma kilomita nyingi. Majeshi yalirudi nyuma mchana na usiku, watu wamechoka, njia zimejaa magari na majeruhi.

Tarehe 25 Machi kikosi cha Walter kilikuwa karibu na kijiji cha Favreuil. Walter alikuwa akiwasaidia watu wake kurudi nyuma, wasije wakazungukwa na adui. Hapo risasi ikampata, akaanguka katika uwanja ulio wazi kati ya majeshi mawili. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Adui walikuwa wakija, na kila mtu alipaswa kukimbia aokoe roho yake. Lakini askari mmoja, Tom Billingham, ambaye zamani alikuwa mlinda mlango wa timu ya mpira huko Leicester, hakukubali kumwacha ofisa wake pale chini. Alijaribu kumbeba chini ya risasi. Alijitahidi, lakini Wajerumani walikuwa karibu mno, ikambidi amwache. Mwili wa Walter Tull haukuonekana tena, wala hana kaburi linalojulikana.

Habari ya kifo ikamfikia Edward huko Glasgow. Wakubwa wa kikosi walimwandikia kwamba Walter alipendwa na wote, na kwamba jina lake lilikuwa limepelekwa ili apewe Msalaba wa Kijeshi, nishani ya ushujaa wa maofisa. Nishani hiyo haikutolewa kamwe.

9. Jina ukutani

Katika mji wa Arras, Ufaransa, Waingereza walijenga ukumbusho mkubwa wa mawe. Juu ya kuta zake yameandikwa majina karibu 35,000 ya askari waliokufa katika nchi ile wasipate makaburi. Jina la Walter Tull limo humo. Majina yamepangwa kwa vikosi, na rangi ya mtu haikuandikwa.

Kwa miaka mingi watu walimsahau. Katika vitabu vya mpira na katika vitabu vya vita habari zake hazikuonekana sana. Baadaye wengine wakaanza kutafuta magazeti ya zamani na barua za jeshi, na tarehe 11 Julai 1999 timu ya Northampton Town ikafungua ukumbusho wake karibu na uwanja wake wa mpira. Tangu hapo watoto wengi wa Uingereza wamefundishwa habari zake shuleni.

Kanuni za jeshi zilisema kwamba mtu kama yeye hafai kuongoza. Swali hilo walilijibu askari wenyewe. Walimfuata katika mto Piave, na pale Favreuil, alipokuwa amekwisha kuanguka na hawezi tena kumwamuru mtu yeyote, Tom Billingham alirudi kumchukua.